Silika ya sanaa: Denis Dutton, Darwin na nakshi za Mji Mkongwe

Watu wa fasihi na watu wa baiolojia hawakutani hapa kwetu. Skuli wanagawanywa tangu Kidato cha Tatu, huyu sayansi, yule sanaa, na kila mmoja akishakwenda upande wake hana habari na mwenziwe. Ndiyo maana swali moja kubwa limebaki halina mwenyewe: kwa nini haijapata kuonekana jamii ya watu isiyo na nyimbo, isiyo na hadithi, isiyopamba chochote? Mtaalamu wa fasihi atakueleza vizuri jinsi taarab ilivyoingia Unguja, Sultani Barghash alimtuma nani Misri na ile ala ya nyuzi iitwayo kanuni ilifikaje. Ukimuuliza kwa nini binadamu anaimba hata kidogo, atakwambia hilo si somo lake. Mwalimu wa baiolojia naye atakueleza koo, mapafu na sikio, kisha ataishia hapo.

Denis Dutton, profesa wa falsafa, alijenga kazi yake yote katika pengo hilo. Nataka kufafanua alichosema, kipi ndani yake kinasimama na kipi kinayumba, na njia niliyoichagua ni kukipima kwa vitu tunavyoishi navyo: mlango wa nakshi, taarab, kanga, ngano za usiku. Nadharia inayodai kuwaeleza binadamu wote lazima iweze kutueleza na sisi wa visiwani.

Dutton alizaliwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1944, katika nyumba ya wauza vitabu. Alisoma falsafa Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara, akaenda India na Kikosi cha Amani cha Marekani, kile cha vijana wa kujitolea, na huko akajifunza kupiga sitar, ala ya nyuzi ya Kihindi. Mimi jambo hilo la sitar naliona zito kuliko shahada zake. Kijana aliyekulia California, ambaye masikio yake hayakulelewa na raga, yaani mahadhi ya Kihindi, hata moja, alikaa chini mbele ya walimu wa Kihindi mpaka muziki ule ukamwingia vidoleni. Alipoanza kufundisha, vyuo vingi vya Magharibi vilikuwa vinaelekea kusema kwamba sanaa ya kila jamii imefungwa ndani ya utamaduni wake, na kwamba mgeni hana njia ya kuionja ila kwa kuilazimisha vipimo vyake. Dutton hakuweza kulikubali hilo, kwa sababu alikuwa ameshaionja.

Mwaka 1976, akiwa Chuo Kikuu cha Michigan tawi la Dearborn, alianzisha jarida la kitaaluma la falsafa na fasihi, na akalihariri kwa miongo mitatu. Mwaka 1984 alihamia New Zealand, Chuo Kikuu cha Canterbury mjini Christchurch, akafundisha falsafa ya sanaa huko mpaka alipofariki tarehe 28 Desemba 2010. Wengi walimjua kwa mambo ya pembeni: tovuti aliyoianzisha mwaka 1998 ya kukusanya makala bora za fikra na sanaa, na shindano aliloliendesha kati ya 1995 na 1998 la kutafuta sentensi mbovu kuliko zote zilizoandikwa na wanazuoni. Shindano lile liliwaudhi watu, nao walikuwa na hoja, maana fikra nzito haiwezi mara zote kusemwa kwa maneno mepesi. Lakini msimamo wake ulikuwa wazi: anayeandika juu ya sanaa aandike ili asomwe.

Kabla ya kuandika kitabu chake kikubwa, alikwenda kukaa katika kijiji cha Yentchenmangua, kando ya mto Sepik huko Papua New Guinea, kwa wachongaji. Alitaka kujua kama kinyago kinachosifiwa na wachongaji wenyewe ndicho kinachosifiwa na wajuzi wa makumbusho ya Ulaya na Marekani, au kama pande hizo mbili zinaona vitu viwili tofauti. Aliporudi alisema hukumu zao zinakaribiana sana. Hapo ndipo swali lake lilipokamilika. Ikiwa watu ambao historia zao hazikuwahi kugusana wanaweza kukubaliana kwamba kazi hii ni hodari na ile ni ya kulipua, makubaliano hayo yametoka wapi?

Jibu lake lilitoka mwaka 2009 katika kitabu "The Art Instinct", yaani silika ya sanaa. Kwa ufupi: hamu ya kutunga, kupamba, kuimba na kusikiliza hadithi haikuanzishwa na utamaduni wowote. Imo katika maumbile ya binadamu, na imo kwa sababu ya mageuko ya viumbe aliyoyaeleza Charles Darwin. Utamaduni unaipa hamu hiyo sura, lakini hauiumbi.

Najua wapo wasomaji watakaofunga ukurasa wakilisikia jina la Darwin, na siwalaumu. Suala la asili ya binadamu kwetu ni suala la imani. Nisingependa kuwahadaa kwamba Dutton anaweza kusomwa bila Darwin, kwa sababu hawezi. Ametia mguu mzima humo. Hata hivyo sehemu kubwa ya anachokieleza ni mambo ya kuonekana kwa macho: watu wanafanya nini, wanapenda nini, wanakasirika kwa nini. Anayeamini kwamba silika hizo zimewekwa na Mwenyezi Mungu moja kwa moja bado ana kazi ya kuzichunguza ni zipi.

Fundo la kwanza ni lile la kujua sanaa ni nini. Wanafalsafa walipoteza karne nzima wakitafuta sifa moja ambayo kila kazi ya sanaa inayo na kisicho sanaa hakina. Kila walipotoa sifa, mtu alikuja na mfano wa kuibomoa. Dutton aliacha kutafuta sifa moja, akaorodhesha 12, kisha akasema kitu kikiwa na nyingi katika hizo, ni sanaa, na si lazima kiwe nazo zote. Miongoni mwake: kinaburudisha chenyewe, kinaonesha ufundi, kina mtindo unaotambulika, kina upya, watu wanakijadili na kukikosoa, kinatengwa na mambo ya kila siku, kinagusa hisia, kinamfikirisha mtu, kimekaa ndani ya mapokeo, na juu ya yote kinachezwa katika uwanja wa mawazo.

Chukua kanga. Ina mtindo mkali kuliko shairi: pindo pande zote, mji katikati, na jina, yaani ule msemo uliochapwa, chini ya mji. Ikikosa jina, mwanamke wa Unguja hatakataa kwamba ni kitambaa kizuri, lakini atakwambia si kanga. Kila msimu linaingia toleo jipya, na Darajani utasikia wanawake wamesimama mbele ya duka wakilipima: rangi imekaa, maua yamejaa mno, jina limepoa. Huo ni uhakiki, na una vigezo. Kanga haina saini ya msanii, wala haikutengenezwa ili itundikwe. Inavaliwa jikoni, inabebea mtoto, inamjibu jirani. Kwa wanafalsafa wa zamani walioshikilia kwamba sanaa ni kitu cha kutazamwa tu bila haja nyingine, kanga ingeanguka mlangoni. Kwa orodha ya Dutton inapita bila taabu. Fainali ya Kombe la Mapinduzi nayo ina ufundi, mtindo, hisia na wakosoaji wasio na idadi, lakini inakosa ile sifa ya mwisho: bao likiingia, limeingia kweli, na timu imefungwa kweli. Nakiri kuwa hii ndiyo sehemu ya kazi yake ninayoipenda kuliko zote. Haihitaji mtu akubaliane naye juu ya miaka milioni moja iliyopita, na inatupa lugha ya kusema kwamba vitu vyetu vya mkono ni sanaa bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Fundo la pili ni ushahidi kwamba ladha hizi zimo kwenye maumbile. Dutton anaanza na picha za mandhari. Wachoraji wawili waliotoka Urusi wakahamia Marekani, Vitaly Komar na Alexander Melamid, walianza mwaka 1993 kuendesha kura ya maoni katika nchi mbalimbali, Kenya ikiwemo, kuuliza watu wa kawaida wanapenda picha ya namna gani. Nchi baada ya nchi majibu yalifanana: rangi ya buluu, uwanja ulio wazi, maji, miti, watu kidogo na wanyama kidogo. Mhakiki Arthur Danto alidhani watu wameyapata hayo kwenye kalenda za ukutani. Dutton aligeuza swali: na watengeneza kalenda wa dunia nzima, nani aliwaambia wachague mandhari hiyo hiyo? Yeye aliona pale kumbukumbu ya savana ya Afrika Mashariki, ambako binadamu wa kale waliishi kwa muda mrefu kuliko pengine popote. Anayependa mahali penye maji, pa kuona mbali, penye mti wa kupanda na mnyama wa kuwinda, alipona akaacha watoto.

Aliutegemea pia utafiti wa John Balling na John Falk wa mwaka 1982. Watoto wa Marekani wenye umri wa miaka 8 walioneshwa picha za mandhari tano: msitu wa mvua, misitu miwili ya nchi za baridi, jangwa na savana. Waliichagua savana, nao hawakuwahi kufika. Baadaye watafiti hao walikwenda Nigeria, kwa watu wa ukanda wa msitu wa mvua ambao hawakuwa wakiishi savana, na huko pia savana ikashinda. Hata hivyo tafiti nyingine hazikuuona upendeleo huo, na wengine waliona watu wanapenda tu mahali penye majani mabichi kuliko mahali pakavu, jambo ambalo ni rahisi kulielewa hata bila Darwin.

Sasa tujipime sisi. Unguja ya leo haina savana ya vitabuni. Ina mawe ya matumbawe, vichaka, minazi na bahari. Katika maduka ya Mji Mkongwe zimejaa picha za tembo, twiga na miti ya migunga, lakini hizo haziwezi kuwa ushahidi, kwa sababu mnunuzi ni mgeni na zinachorwa kwa ajili yake. Tuangalie tunachotundika wenyewe. Ingia nyumba za Ng'ambo au za Wete, ukutani utakuta Aya ya Kursi kwa hati ya dhahabu, picha ya Al-Kaaba, na kalenda. Kama kuna silika ya kupenda mandhari, kwetu imekaa nyuma ya kitu chenye nguvu zaidi. Na usidhani savana ilikuwa mbali nasi siku zote. Katika Pango la Kuumbi, Jambiani, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta mifupa ya pundamilia na nyati, mabaki ya enzi ambazo bahari ilikuwa chini na Unguja imeungana na bara. Watu waliishi pangoni humo zaidi ya miaka 17,000 iliyopita. Habari hiyo inanigusa sana, lakini haithibitishi kwamba ladha ya macho yetu ilitoka huko. Kwa maoni yangu hoja ya savana ni nguzo nyembamba, na Dutton aliiegemea kuliko inavyoweza kubeba.

Hoja yake juu ya hadithi ina nguvu zaidi. Kabla ya kufika huko lazima tufungue utata mmoja ambao huwachanganya wengi. Kusema kitu kimo katika maumbile si sawa na kusema kiliteuliwa kwa sababu kilisaidia. Damu yetu ni nyekundu kwa maumbile, lakini wekundu wenyewe haumsaidii mtu kitu. Unakuja tu pamoja na kemia inayobeba hewa. Steven Pinker, mwanasaikolojia, aliandika mwaka 1997 kwamba muziki ni wa namna hiyo: zao la pembeni la uwezo mwingine, kama keki tamu inayosisimua ulimi uliotengenezewa kutafuta matunda na mafuta. Ukiipanua hoja hiyo kwa sanaa zote, sanaa ni raha isiyo na kazi. Dutton alikataa. Kwake hadithi ina kazi: inampa mtu uzoefu wa hatari bila ya hatari yenyewe, inambebea habari, na inamzoesha kuingia katika akili za wenziwe.

Tuipime kwa ngano ya Sultani Darai, aliyoiandika mmisionari Edward Steere kutoka kwa wasimulizi wa Unguja na kuichapa mwaka 1870. Maskini anachakura jaani akitafuta punje za mtama. Anaokota kisarafu kidogo, ananunua paa. Paa anasema, anaokota almasi, lakini hampi bwana wake. Anaipeleka kwa sultani wa nchi ya mbali kama zawadi, na kumwambia imetoka kwa bwana wake, Sultani Darai, anayetaka kumposa binti. Kisha anamwendea yule maskini, anamlaza kando ya njia, anarudi kwa sultani kusema bwana wake amevamiwa na wezi na kuvuliwa nguo, naye anapewa nguo za kifalme. Harusi inafungwa, paa anamuua nyoka mkubwa mwenye jumba na mali, anamkabidhi bwana wake kila kitu. Siku paa anapougua, bwana anaamuru apewe mtama mbovu kama chakula. Paa anakufa kwa uchungu kuliko kwa maradhi. Na yule bwana, usiku mmoja, anajikuta tena jaani, anachakura.

Angalia mtoto wa miaka 6 anachotakiwa kukifuata hapo. Paa anajua kwamba sultani anaamini kwamba maskini ni mfalme. Maskini hajui paa amesema nini, ila anajua amekatazwa kufungua kinywa. Mke anaamini ameolewa na mtu mkubwa. Akili nne ziko mbele yake, kila moja inajua kitu tofauti, naye hapotei hata mara moja. Akiulizwa hesabu yenye hatua hizo hataiweza, lakini ngano anaifuata, na paa akipewa mtama mbovu machozi yanamtoka, hali anajua fika kwamba paa hasemi. Dutton angesema hapa ndipo silika inapoonekana: mtoto hafundishwi kufanya hivi, kama asivyofundishwa kutembea. Anafundishwa tu kuitikia "pakawa". Somo lenyewe, kwamba aliyekusaidia ukiwa huna kitu ndiye wa kumtazama ukipata, analipata bila ya kudhulumu wala kudhulumiwa. Kwa ngano mimi namkubali Dutton dhidi ya hoja ya zao la pembeni. Raha peke yake haitoshi kueleza kwa nini ngano za visiwani zimejaa wadanganyifu na wenye fadhila waliosalitiwa, na kwa nini watoto hutaka zirudiwe hizo hizo.

Fundo la tatu la Dutton ndilo lenye ugomvi mkubwa. Darwin mwenyewe aliona kwamba viumbe wengine wana mapambo yasiyowasaidia kuishi. Mwaka 1871 alieleza: mapambo hayo yamekuzwa na uchaguzi wa wenza. Anayetembea Pemba amemwona chozi, yule ndege mdogo wa kunyonya maua anayepatikana kisiwani humo na si penginepo. Dume anang'aa kijani na zambarau kama chuma kilichosuguliwa, jike ana rangi ya majivu. Rangi ile haimfichi dume na adui, inamtangaza. Mtafiti Malte Andersson alilifanyia jaribio jambo la namna hii Kinangop, Kenya, na kulichapisha mwaka 1982. Kuna ndege mweusi huko ambaye mkia wa dume hufika karibu nusu mita. Andersson aliwakata baadhi yao mikia, akawagandishia wengine vipande hivyo kwa gundi ili mikia yao irefuke. Waliorefushwa walipata majike wengi zaidi kujenga viota katika maeneo yao. Kwa hiyo macho ya jike ndiyo yaliyourefusha mkia, kizazi baada ya kizazi.

Dutton, akimfuata mwanasaikolojia Geoffrey Miller, alisema sanaa ya binadamu ni mkia wa namna hiyo: ufundi, sauti, akili na ulimi wa maneno mengi ni maonesho ya mtu mwenye ubongo mzima na muda wa ziada. Alitoa mfano wa mashoka ya mawe ya mtindo wa Acheule, yanayopatikana kwa wingi Olduvai na Isimila karibu na Iringa. Mengi yamechongwa kwa ulinganifu uliozidi haja ya kukatia nyama, mengine ni makubwa mno kushikika, na mengine hayana alama ya kutumika. Yeye aliyaona kuwa kazi za sanaa za mwanzo kabisa, zilizotengenezwa na watu waliokuwepo kabla binadamu hajawa na lugha kama yetu. Wachimbuaji wengine wanasema shoka lenye ulinganifu linakata vizuri zaidi, na alama za matumizi hufutika kwa muda mrefu namna hiyo. Ubishi huo haujaisha.

Historia ya kwetu ina mambo yanayomuunga mkono. Siti binti Saad, aliyetoka Fumba akafika kurekodi Bombay mwaka 1928, alibezwa na wapinzani kwa sura yake, akawajibu kwa wimbo kwamba aibu ya mtu ni kukosa akili. Sauti na akili zilimfungulia milango ambayo sura na nasaba hazikumfungulia. Mashindano ya vikundi, majibizano ya malenga, wimbo unaotungwa usiku mmoja kumjibu mtu: yote hayo ni kuonesha uwezo mbele ya hadhira inayopima.

Lakini peleka nadharia hiyo mbele ya mlango wa nakshi na itaanza kukwama. Ndege anaota mkia wake mwenyewe. Mlango una watu wawili. Fundi amekaa na patasi na nyundo juu ya mwimo wa msaji au mfenesi, anatoboa duara, anarudi pembeni, anafuata mchoro wa penseli, mnyororo wa nakshi unapanda mpaka kizingitini na kukutana na ule wa upande wa pili bila ya kiungo kuonekana. Mfaa wa katikati anauacha mwisho kwa sababu ndio unaotazamwa kwanza. Ufundi wote ni wake. Jina mlangoni, kama lipo, ni la mwenye nyumba aliyelipa. Basi nani anayejionesha, na kwa nani? Mwenye nyumba anaonesha mali, na hilo linaeleweka. Lakini mali ya kununua kazi ya mtu mwingine si uwezo wa ubongo. Fundi anaonesha uwezo, lakini jina lake limepotea.

Na Bi Kidude? Aliimba mpaka uzee wa kupita uzee, akafariki tarehe 17 Aprili 2013, na kazi aliyoiheshimu sana ilikuwa unyago: wanawake peke yao, ngoma ya msondo, wasichana wanafundwa. Hapo hapana dume wa kuvutiwa. Kuna usomi mwingine unaoieleza hali hiyo vizuri kuliko Dutton. Mtafiti wa sanaa Ellen Dissanayake anasema sanaa ilianza kama njia ya kuzipa uzito nyakati muhimu za jamii, kuzaliwa, kubaleghe, kufa, na kuwafunga watu pamoja. Msondo unaingia humo moja kwa moja. Dutton alilipa suala la kushikamana kwa jamii nafasi ndogo mno, na nadhani ni kwa sababu alikuwa mtu wa piano, kitabu na makumbusho, mahali ambapo msikilizaji ameketi kimya na msanii yuko juu. Katika taarab msikilizaji anainuka, anakwenda mbele kutunza, na noti anaitoa kwenye ubeti ule unaosema jambo lake, huku mlengwa anamwona. Wimbo umekuwa wake kwa dakika ile.

Kuna jambo moja ambalo Dutton alilieleza kuliko yeyote niliyemsoma, nalo ni ghadhabu ya kughushiwa. Mholanzi Han van Meegeren alichora picha na kuziuza kuwa za Vermeer, mchoraji mashuhuri wa Uholanzi wa zamani. Moja ilinunuliwa kwa makumbusho ya Rotterdam, wajuzi wakaisifu. Alipokiri, picha haikubadilika hata chembe, lakini sifa zikaisha. Kwa nini, kama uzuri uko katika picha? Dutton alijibu kwamba hatutazami kitu peke yake. Tunatazama tendo la mtu aliyelifanya. Kila kazi ya sanaa ni jambo ambalo mtu ameliweza, na kughushi ni kudanganya juu ya nini kimewezwa.

Hilo utalielewa usiku wa harusi msanii anapopanda jukwaani kwa pleibeki. Sauti ni ile ile ya kwenye redio, pengine ni safi zaidi kuliko angeimba mwenyewe. Lakini ukimwona amechelewa kufungua mdomo, au maiki ameishusha na wimbo unaendelea, ukumbi unapoa. Akina mama waliokwisha kukunja noti zao wanarudi kukaa. Hakuna aliyewafundisha nadharia. Wanajua tu kwamba tunzo hutolewa kwa anayeimba. Vivyo hivyo mlango mpya uliopakwa dawa ukazeeshwa: mkono wa fundi unaweza kuwa mzuri kweli, na yeye mwenyewe ndiye anayeonewa zaidi, kwa sababu kazi yake hodari inauzwa kwa jina la marehemu. Sehemu hii ya Dutton haiwezi kutenganishwa na ile ya mkia wa ndege, nami nikiikubali hii inanibidi nikubali kwamba kulikuwa na ukweli katika ile. Kupima uwezo wa mtu kumo ndani ya kufurahia sanaa. Nisichokikubali ni kwamba kipimo hicho kilianza na kuishia katika kutafuta mke au mume.

David Hume, mwanafalsafa wa Scotland, aliandika mwaka 1757 kwamba Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, aliyewapendeza watu wa Athens na Rome bado anapendwa Paris na London. Aliona jambo, hakuwa na la kulielezea. Dutton alijaribu kulieleza kwa sayansi, na kosa lake kubwa ni kwamba mifano yake mingi ya watu wasio wa Magharibi aliichukua kwa wengine. Alipokwenda mwenyewe, kule Sepik na India, ndipo alipokuwa imara.

Kazi kama ile ya Sepik inawezekana hapa, na haihitaji mashine. Zichukuliwe picha za miimo ya milango ya Unguja, Pemba na Lamu, mizuri na ya kulipua, bila ya kuandikwa umri wala bei. Wapewe mafundi waipange kwa ubora na kueleza kwa nini. Wapewe wanafunzi wa skuli za Micheweni ambao hawakukulia na milango hiyo, wapewe wageni wanaoshuka bandarini Malindi, wapewe na wachongaji wa kimakonde wa bara. Kama mpangilio utafanana, Dutton ana hoja; kama kila kundi litapanga lake, basi nakshi ni lugha ya wenyewe na nadharia ya silika ipunguze sauti. Mafundi waliojifunza kabla kazi za hoteli hazijatawala karakana sasa ni wazee, kwa hiyo waulizwe wao kwanza.